Tuhesabu Vilivyopo: Shukrani kwa Vitu vya Kila Siku



Kila msimu wa mavuno unapofika, washarika huleta mbele ya madhabahu kile ambacho Mungu amewajalia. Yuko anayeleta debe la mahindi, mwingine mkungu wa ndizi, mwingine trei ya mayai au jogoo aliyefungwa miguu. Baada ya ibada mnada hufanyika nje ya kanisa, na si ajabu yai moja kununuliwa kwa bei ya trei nzima, kwa sababu mnunuzi anatoa kwa moyo. Huo ni utaratibu mzuri na tunaupenda. Lakini katika toleo hili tunapenda tuzungumzie mavuno ya aina nyingine, yale yasiyoletwa madhabahuni kwa sababu hakuna awezaye kuyabeba: maji yaliyotoka bombani asubuhi, chumvi iliyotiwa kwenye mboga, mtoto ambaye hakuugua surua, jirani aliyetoka usiku kwenda kufunga koki iliyoachwa wazi.

Tunazungumzia mambo haya kwa sababu yanagusa kazi za kamati zenu. Taarifa za miradi zinapofika ofisini kwetu, sehemu ya mahitaji huwa na kurasa mbili au tatu. Sehemu inayoeleza ni nini kinafanya kazi, na kinafanya kazi kwa sababu gani, huwa na mistari miwili. Inaeleweka, maana kila katibu wa kamati anajua kwamba fedha hufuata mahitaji. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba kitu kizuri huangaliwa mara mbili tu: siku kinapozinduliwa na siku kinapoharibika. Kati ya siku hizo mbili inaweza kupita miaka kumi, na katika miaka hiyo hakuna anayekitazama.

Hoja yetu ni moja tu. Shukrani ya kweli ni kurudi kuangalia kilicho kizuri, na anayerudi kukiangalia ndiye anayekitunza.

Mkate wa kila siku ni nini?

Wengi wetu tulijifunza Katekisimo Ndogo ya Martin Luther tulipokuwa darasa la kipaimara, na pengine tuliikariri haraka haraka ili tuvuke mtihani wa mchungaji. Luther aliitoa mwaka 1529 kwa ajili ya nyumba za watu wa kawaida. Anapofika kwenye ombi la mkate wa kila siku katika Sala ya Bwana, haishii kwenye mkate. Anataja chakula na kinywaji, kisha nguo, viatu, nyumba, shamba, mifugo na fedha. Anaendelea na mwenzi mwema wa ndoa, watoto wema, serikali njema, hali ya hewa nzuri, amani, afya, marafiki waaminifu na majirani wema.

Tunaona mambo matatu katika orodha hiyo. Kwanza, ni vitu vya kawaida kabisa. Viatu vimo. Pili, vitu na watu wamewekwa pamoja, kwa kuwa shamba bila jirani mwema halikai salama na nyumba bila amani si nyumba. Tatu, Luther anafundisha kwamba Mungu hutoa vitu hivi hata kwa wasioomba. Tunaviomba ili tuvitambue na tuvipokee kwa shukrani.

Neno kutambua ndilo lenye uzito. Katika Injili ya Luka, sura ya 17, wakoma kumi waliponywa, na ni mmoja tu aliyerudi kumshukuru Yesu, naye alikuwa Msamaria. Wote kumi walipona. Tofauti ya yule mmoja ni kwamba alipoona amepona aligeuka akarudi. Hatua zile za kurudi ndizo tunazozizungumzia hapa. Sasa tuangalie mifano mitatu ya vitu tulivyonavyo ambavyo si rahisi kuvirudia.

1. Ndoo ya maji

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ndoo ya lita 20, basi, ni mzigo wa kilo 20 kabla hatujahesabu ndoo yenyewe. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo kwamba mkazi wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka kwenye kaya yake, na kituo kimoja kihudumie watu 250.

Tufanye hesabu kwa kaya ya watu sita. Lita 25 mara sita ni lita 150, yaani ndoo saba na nusu. Tuseme ni safari nane. Chanzo kikiwa umbali wa kilometa moja, safari nane za kwenda na kurudi ni kilometa 16, na nusu ya mwendo huo mzigo uko kichwani. Chanzo kikiwa mita 400, mwendo wote ni kilometa 6.4. Tofauti ni karibu kilometa 10 kila siku.

Kusema kweli, ni vigumu kwa mama yeyote kutembea kilometa 16 kila siku kwa ajili ya maji na bado alime na apike. Maji yakiwa mbali, anachofanya ni kupunguza matumizi. Watoto wanaoga mara moja moja, vyombo vinasuuzwa kwa maji yaliyokwisha tumika, na kunawa mikono kunasahaulika. Hivyo basi, bomba lililo karibu linaleta zaidi ya maji. Linaleta muda wa kulima, ngozi safi ya mtoto na binti anayefika shuleni kabla ya kengele.

Sasa tugeuze hesabu upande wa pili. Watu 250 wakichota lita 25 kila mmoja, hiyo ni lita 6,250 kwa siku, sawa na ndoo 312. Kama kituo kina koki moja, koki hiyo inafunguliwa na kufungwa zaidi ya mara 300 kwa siku, na zaidi ya mara 100,000 kwa mwaka. Kipande kidogo cha mpira kilichomo ndani ndicho kinachobeba kazi yote hiyo. Kikichakaa, koki huanza kudondosha. Matone yakiachwa, sakafu ya kituo inakuwa tope, mifugo inakuja kunywa pale pale, na mwisho mtu mwenye hasira anaikaza koki kwa jiwe mpaka inavunjika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kamati inayoshukuru kwa maji huujua ufa ungali mdogo, kwa sababu imekwenda kuangalia.

Wenzetu wa Kilimanjaro wana somo kubwa katika jambo hili. Kwa vizazi vingi Wachagga wamechimba mifereji, inayoitwa mifongo, ya kuteremsha maji kutoka kwenye makorongo ya mlima hadi kwenye vihamba vyao. Wageni walioandika habari za mlima huo katika karne ya 19 walishangazwa nayo, maana ilichimbwa bila saruji na bila vipimo vya kisasa. Mfongo hauna siku moja ya kuzinduliwa halafu ukaachwa. Udongo unaporomoka, majani yanaziba, mizizi inapasua kingo. Umedumu kwa sababu wenye kuutumia hutoka pamoja kuuzibua, na asiyetokea hudaiwa na wenzake. Kizazi kimoja kikiacha kutoka, mfongo unakufa, hata kama ulidumu miaka mia moja kabla yake.

2. Chumvi mezani

Chumvi ni kitu ambacho hatukumbuki kukishukuru. Wazee wa maeneo ya milimani wanakumbuka watu waliokuwa na rovu, yaani uvimbe wa tezi la shingo. Wengine walidhani ni laana au ni ugonjwa wa ukoo. Sababu yake kubwa ilikuwa upungufu wa madini joto. Mvua za miaka mingi huyaosha madini hayo kutoka kwenye udongo wa milima, na mazao yanayoota katika udongo huo hukosa kiasi cha kutosha.

Rovu ndiyo iliyoonekana, lakini madhara makubwa zaidi hayakuonekana. Mama mjamzito anapokosa madini joto, ubongo wa mtoto aliye tumboni hauwezi kukua inavyopaswa. Mtoto huyo anaweza kuwa mzito wa kujifunza maisha yake yote, na mwalimu akadhani ni mvivu.

Kiasi anachohitaji mtu mzima ni kidogo mno, mikrogramu 150 kwa siku. Tukijumlisha kwa miaka 70 tunapata gramu nne hivi, ambazo hazijazi hata kijiko kimoja cha chai. Katika miaka ya 1980 watu wa wilaya zilizoathirika sana walipewa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Katika miaka ya 1990 serikali ikaweka utaratibu wa kutia madini joto kwenye chumvi inayouzwa nchini. Tangu hapo, mama anayenunua pakiti ya chumvi dukani anawakinga watoto wake bila kwenda popote na bila kupanga foleni.

Hapa pia kushukuru ni kutunza. Madini joto hupotea chumvi inapoachwa wazi, inapopata unyevu au inapokaa juani. Chumvi iwekwe kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na moto, na itiwe kwenye mboga inapokaribia kuiva. Umoja wa wanawake katika usharika unaweza kufundisha jambo hili kwa nusu saa bila bajeti yoyote. Aidha, ni vizuri kuangalia kama pakiti zinazouzwa katika maduka ya mtaani kwenu zimeandikwa kuwa zina madini joto.

3. Ugonjwa ambao haukuja

Shukrani iliyo ngumu kuliko zote ni shukrani kwa jambo ambalo halikutokea. Hatuwezi kumpiga picha mtoto ambaye hakuugua. Hatuwezi kuweka jiwe la msingi juu ya kaburi ambalo halikuchimbwa.

Ndui ni mfano mzuri, nao haukutokea mbali na sisi. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, pwani ya Somalia, mwezi Oktoba 1977. Alipona. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imetokomezwa. Ugonjwa uliokuwa ukiua watu kwa karne nyingi na kuwaacha wengine vipofu na wenye makovu, leo watoto wetu hawaujui hata kwa jina.

Maalin hakuwa amechanjwa ipasavyo, ingawa alifanya kazi hospitalini. Alieleza baadaye kwamba aliiogopa sindano. Miaka mingi baadaye alijitolea katika kampeni za chanjo ya polio nchini mwake, akiwasimulia wazazi waliosita habari zake mwenyewe. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria, akiwa katika kazi hiyo. Huyu naye, kwa namna yake, alirudi.

Kadi ya kliniki iliyohifadhiwa kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro ni ushahidi wa vita ambavyo mzazi alishinda bila kupigana. Lakini ushindi huo unahitaji kurudiwa kwa kila mtoto anayezaliwa. Surua ikipata kijiji ambacho watoto wengi hawakuchanjwa, hurudi bila kubisha hodi. Kwa sababu hiyo tunapenda mzee wa kanisa anapotembelea nyumba yenye mtoto mchanga aulize pia habari za kadi, kama anavyouliza habari za ubatizo.

Watu walio ndani ya orodha

Tulisema kwamba Luther aliwaweka majirani wema katika orodha ya mkate wa kila siku. Katika uzinduzi wa miradi mara nyingi tunajua kumshukuru mgeni. Anavalishwa kitenge, anapewa mbuzi, kwaya inaimba nyimbo mbili, na risala inasomwa. Hatusemi hayo yaachwe, maana ukarimu ni sehemu ya utu wetu. Tunachouliza ni hiki: ni lini mara ya mwisho usharika ulimwita mbele fundi anayefunga koki za mtaa wenu? Au dada anayefungua kituo cha maji alfajiri na kukusanya fedha ya kila ndoo bila kupoteza shilingi? Au mhudumu wa afya ya jamii anayepanda mlima na daftari lake wakati wa mvua?

Watu hawa hawaombi makubwa. Kinachowachosha ni kuonekana siku ya lawama tu. Fundi anayesikia jina lake pale pampu inapokufa, na kamwe asilisikie katika miezi yote inapofanya kazi, ipo siku ataamua kulima shamba lake. Akiondoka, kamati itatambua kwamba ujuzi wote ulikuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Je, kushukuru ni kunyamaza?

Kuna swali ambalo vijana wa sharika huuliza, nalo ni la haki. Je, kuwaambia watu washukuru kwa vidogo si kuwaambia waridhike na umaskini wao?

Jibu letu ni hapana. Anayejua hesabu ya kilometa 16 na kilometa 6.4 ndiye anayejua kwa nini mtaa usio na bomba hauwezi kuendelea kusubiri. Luther aliposema serikali njema ni mkate wa kila siku, alitupa pia sababu ya kuiombea na kuitaka itimize wajibu wake. Tangu Julai 2019 huduma ya maji vijijini iko chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), na wananchi wana vyombo vyao vya kusimamia huduma hiyo katika ngazi ya jamii. Kamati yenye kumbukumbu nzuri za kinachofanya kazi huingia katika vikao hivyo ikiwa na nguvu kuliko kamati yenye malalamiko peke yake.

Aidha, hatumwambii mwenye njaa ashukuru kwa njaa. Hilo si neno la Injili. Tunasema tu kwamba hata penye upungufu kuna kitu kinachosimama, na kisipotambuliwa nacho kitaanguka.

Kuhesabu kuna faida hata kwa anayehesabu. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha matokeo ya majaribio yao. Katika jaribio la kwanza wanafunzi wa chuo waliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki kumi, hadi mambo matano waliyoyashukuru, huku kundi jingine likiandika mambo yaliyowakera. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kwa jumla kuwa mazuri zaidi. Wanafunzi wa Marekani si wakulima wa vijijini kwetu, lakini bibi zetu waliokuwa wakitaja watu na vitu kimoja kimoja katika sala ya jioni wasingeshangazwa na matokeo hayo.

Daftari la Vilivyopo

Tunapendekeza kila kamati ya usharika ianze daftari la kawaida, la kurasa 96, na kuliita Daftari la Vilivyopo. Utaratibu ni huu:

1. Andikeni kila kitu kinachofanya kazi katika usharika na mtaa: bomba, tangi la kuvunia maji ya mvua, choo cha shule ya awali, paa lisilovuja, kikundi cha kuweka na kukopa, shamba la miti.

2. Mbele ya kila kitu andikeni jina la mtu anayekitunza. Pasipo na jina, hapo pana hatari, hata kama kitu chenyewe ni kipya.

3. Andikeni kitahitaji nini kabla ya masika na kitagharimu kiasi gani. Mara nyingi ni kipuri kimoja, mfuko wa saruji au siku moja ya msaragambo.

4. Mara moja kila robo mwaka, wanakamati wawili waende kwa miguu kuvitazama vitu hivyo, wasitegemee kuambiwa.

5. Katika ibada ya mavuno, someni ukurasa mmoja wa daftari hilo kabla ya sadaka, mkiwataja watunzaji kwa majina. Sehemu ya fedha za mnada itengwe kwa ajili ya vipuri, na mhasibu aiandike peke yake.

Kazi hii haihitaji mfadhili, na inaweza kuanza Jumapili ijayo.

Kwa marafiki zetu walio mbali tuna ombi moja. Tukiwaletea taarifa yenye ukurasa usemao kwamba bomba mlilochangia miaka kumi iliyopita bado linatoa maji, na kwamba mwaka huu limebadilishiwa kipande cha mpira, tafadhali usomeni ukurasa huo kwa makini kama mnavyosoma andiko la mradi mpya. Waswahili husema usiache mbachao kwa msala upitao. Mradi mpya unapendeza kwenye picha. Ule wa zamani unaofanya kazi ndio unaonywesha watu leo.

Tunawatakia sharika zote maandalizi mema ya mavuno. Daftari likishaanza, leteni nakala ya ukurasa wa kwanza kwa mkuu wa jimbo ili nasi tupite kuviona vilivyoandikwa, pamoja na watu wanaovitunza. Mungu awabariki.